Harufu ya Rubisi Kinywani mwa Ndyamukama

Ukifika upande wetu wa Buganguzi ukauliza ni nani aliyekuwa mlevi mkubwa kuliko wote hapa kijijini, hata kijana aliyezaliwa baada ya Vita vya Kagera atakujibu bila kukuna kichwa: Ndyamukama. Watakuonyesha na kaburi lake nyuma ya migomba. Mimi kibanja changu cha migomba kilipakana na chake, nilichota maji naye kisima kimoja, nikamzika kwa mikono hii. Nakuambia mbele ya Mungu kwamba katika miaka yake yote ya ulevi mtu yule hakunywa hata tone. Ulevi alipewa na kamati. Baadaye akaukubali kwa hiari yake mwenyewe, na hilo ndilo kamati haikulielewa mpaka wajumbe wake wakafa mmoja mmoja.

Kazi yake ya ujanani ilikuwa kukamua ndizi. Huku kwetu ndizi za pombe huivishwa shimoni, zikamenywa, zikatiwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, na mwanaume akanawa miguu akaingia kuzikanyaga mpaka zitoe maji yake. Hapo hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi unafunikwa, na kesho yake kuna rubisi. Arusi ambayo Ndyamukama hakuikanyagia watu waliiona imepungukiwa. Yeye mwenyewe alionja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Anayeshinda ndani ya pombe kutwa nzima," alikuwa akisema, "jioni hutamani maji." Alilisema hilo kwenye kila kilio na kila ubatizo, mpaka tukachoka. Wengine hujivunia ng'ombe au shahada za watoto wao. Yeye alijivunia kwamba hajawahi kulewa.

Siku moja akikata kuni tawi lilimwangukia kichwani. Alipona kidonda, lakini kifafa kikabaki. Watu walewale waliogombea rubisi yake wakaanza kunong'ona kwamba povu la kifafa huambukiza, na mtumbwi wake ukakauka ukapasuka. Hilo alilivumilia. Asilolivumilia ni jambo la Benigna.

Benigna alikuwa mtoto wake wa pekee, aliyepatikana baada ya Klaudia mkewe kumaliza novena zote anazozijua padri na nyingine ambazo padri hazijui. Mtoto akiwa bado wa kutambaa, Ndyamukama alianguka naye mikononi, hatua chache kutoka mafigani. Bahati njema sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi nene na mtoto akatoka na kilio tu. Klaudia hakupiga kelele. Alimchukua mtoto, akanipa mimi, akaenda kibanjani na jembe akachimba shimo, akapanda chipukizi la mgomba mbele ya mlango.

"Baba Benigna," alimwambia, "mgomba huu ukizaa kabla hujaanguka, utambeba mwanao. Wewe ukianguka, naung'oa napanda mwingine. Mpaka hapo usimguse ukiwa umesimama."

Alimpenda mumewe, na ndiyo maana aliweza kusema hivyo. Ndyamukama akawa mtu wa kukaa chini kwenye nyasi, mgongo ukutani, mtoto akiletwa na kuwekwa mapajani mwake kama mgeni aliyekuja kusalimia. Baba wengine walipita njiani na watoto wao mabegani, naye akawatazama mpaka wapotee kwenye kona.

Vidonge vya kifafa siku hizo vilikuwa vikionekana leo, kesho havipo. Basi tukaenda naye hospitali ya misheni, mimi na Klaudia, tukamkuta Daktari Ildefons, mtoto wa hapahapa Kagera aliyesomea Ulaya. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akatueleza kwamba kuna chakula kinachoweza kutuliza kifafa kwa baadhi ya watu.

"Mwili wako umezoea kuni za ndizi," alisema. "Ukiunyima, ini litachukua mafuta na kutengeneza kuni nyingine. Tunaziita ketoni. Ubongo ukiwaka kwa hizo, mara nyingine hutulia."

"Kuunyima ndizi?" aliuliza Ndyamukama.

"Ndizi, viazi, mihogo, ugali, wali, asali. Na maharage pia."

"Waitu daktari, ukimwondolea Mhaya hivyo vyote, anabaki na nini?"

"Anabaki na samaki, mayai, nyama kidogo, majani. Na mafuta. Mafuta mengi sana."

Klaudia alipiga ishara ya msalaba. Kwetu mtu anaweza kushiba nyama, samaki na maziwa, na akiulizwa kama amekula akajibu kwamba hajala, kwa kuwa hakuona ndizi. Daktari aliona nyuso zetu, naye alikuwa Mhaya, akashusha macho.

Tulianza kwa ujinga. Klaudia aliyeyusha samli, akaijaza kikombe, akampa mumewe ainywe kama uji. Ndyamukama aliinywa kwa ushujaa, kisha akatoka mbio. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya vyoo, na mwenyekiti wa kijiji alipopita kukagua akamkuta humo asubuhi, akamkuta mchana, akamkuta jioni. Akamsifu hadharani kwenye mkutano kuwa ndiye mwananchi anayekitumia choo chake kwa moyo wote.

Daktari alikuwa na vidonge vyeupe vya kupimia. Ukidondoshea mkojo, kama ketoni zipo kinageuka zambarau, na zikizidi rangi inakoza. Baada ya mateso yote yale ya samli, kidonge kiligeuka kidogo tu, rangi ya nguo iliyofuliwa mara nyingi. Ndyamukama nusura alie.

"Mafuta yaliyopita mbio hayakuwaka," alisema daktari. "Tatizo si kiasi, ni namna tunavyomlisha. Na tujaribu ya nazi. Hayo ini huyapokea haraka kuliko samli, na ketoni zake ni nyingi."

Nazi, Buganguzi! Tulielekezwa Bukoba mjini, mtaa wa Bakoba, kwa Bi Asha, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Tanga na ambaye ndugu zake walimletea nazi kwa treni na meli. Tulinunua mafuta ya nazi, tukarudi mbio. Safari hii Klaudia alimpa kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, tumbo likiwa tupu. Kidonge cha daktari kilikoza vizuri. Lakini Ndyamukama alijikunja kwa msokoto wa tumbo, jasho likimtoka, akisema anaona Toharani mlango uko wazi.

Tuliporudi kwa Bi Asha na habari hizo alitutazama kama watu waliotafuna kahawa mbichi wakalalamika ni chungu.

"Mwampa mtu mafuta makavu, tena kwa kijiko? Mafuta hayo ya kupaka nywele?" alisema. "Nazi haitiwi mtu kooni namna hiyo, mwanangu. Ikune, ikamue tui zito, ulichemshe na samaki kwa moto mdogo, ulikoroge lisikatike. Halafu umpe kidogo, apumzike, umpe tena. Tumbo si gunia."

Daktari alipoambiwa alifurahi kuliko sisi. Akasema ndivyo hasa: mafuta yakisambaratishwa vipande vidogovidogo ndani ya kitu kingine, tumbo huyapokea kwa amani, yanaingia mwilini badala ya kuishia chooni, na ini linapata kazi. Akamwambia Klaudia aifanye samli vivyo hivyo. Basi Klaudia akawa anavunja mayai ndani ya supu ya moto, anamimina samli iliyoyeyuka kidogokidogo huku akipekecha kwa upekecho mpaka vishikane, kitu kinakuwa laini, cha njano, hakina jicho la mafuta juu yake. Asubuhi samli ya kupekecha, mchana sato wa tui, jioni tena kidogo. Msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, ulipofika akamkaangia hao kwa mafuta yao wenyewe, na hiyo ndiyo siku pekee Ndyamukama alikula huku akiimba.

Tumbo likatulia. Kidonge kikawa zambarau ya mkanda wa askofu. Na kifafa, ambacho kilikuwa kikija bila kubisha hodi, kikaacha kuja. Chipukizi mbele ya mlango likatoa jani, likatoa lingine, likampita Benigna kimo. Ndyamukama alilifagilia kila asubuhi.

Daktari alikuwa ametuonya jambo moja, nasi hatukulitilia maanani. Alisema baadhi ya ketoni hutoka kwa pumzi, na mtu hunukia kidogo kama tunda lililoiva kupita kiasi.

Sasa nikueleze habari ya kijiji. Watu wa mikoa mingine walihamishwa kwa malori, vitanda juu, kuku chini. Sisi nyumba zetu na migomba yetu zilikuwa zimeshonana tangu enzi za mababu, na hakukuwa na pa kutuhamishia. Basi tukaambiwa kwamba hapo tulipo ndipo tulipohamia. Tukapiga makofi. Nililala mkulima wa kawaida, nikaamka mwanakijiji wa ujamaa, na hata chungu sikukisogeza.

Mwenyekiti wetu alikuwa Nathanieli, mwenye koti moja na maneno mengi. Aliunda Kamati ya Siha na Bidii, akaitungia sheria. Kila Jumamosi tulilima shamba la pamoja, na saa sita tulikula pamoja kutoka chungu cha umma, ebitooke, yaani ndizi zetu za kupika, na maharage. Na sheria ilisema: mlevi hatakula chungu cha umma. Usiichekee adhabu hiyo. Kwetu kumnyima mtu ndizi mbele ya wenzake ni sawa na kumwambia hana kabila.

Jumamosi Ndyamukama alilima na wenzake, lakini ilipofika saa sita alijitenga na kibakuli chake cha samaki. Hilo peke yake lilikuwa tusi. Kisha Kamugisha, katibu wa kamati, akainama karibu naye kuazima jiwe la kunolea jembe, akasimama wima ghafla.

"Mawe!" alisema, yaani mama yangu. "Ndyamukama ananuka rubisi!"

Mhaya akinusa rubisi atakwambia imekamuliwa lini na kwa nyasi gani. Pua zetu hazijawahi kukosea, na ndiyo maana zilipokosea hakuna aliyekuwa tayari kuzishuku. Ndyamukama aliitwa mbele ya kamati akaamriwa afungue mdomo. Akanuswa na mwenyekiti, akanuswa na katibu, kisha akanuswa na mzee Rugaibula, ambaye pua yake iliheshimiwa mpaka Muleba.

"Ni ya jana," alitangaza Rugaibula. "Mtama umekaangwa vizuri."

"Ya juzi, waitu," alisema Kamugisha. "Ya jana ingekuwa kali zaidi."

Wakabishana mpaka jua likaelekea kuzama. Kwamba alikuwa amekunywa halikuwa swali tena; walichogombea ni ubora. Mimi niliona macho yao. Wale watu walikuwa na kiu.

"Sijanywa," alisema Ndyamukama. "Mimi ni mgonjwa, nakula mafuta, daktari amenikataza ndizi. Mnanijua. Ni nani amewahi kuniona nimelewa?"

"Ndugu Ndyamukama," alisema Nathanieli, "lisemwalo lipo. Na linalonuka lipo zaidi."

Wakaazimia pombe itafutwe. Wakaja na majembe kibanjani kwake wakachimba kutafuta mtungi uliofukiwa, wakachimba kati ya migomba, wakachimba kando ya mibuni. Waliliacha chipukizi la mlangoni kwa sababu Klaudia alisimama mbele yake na panga. Hawakupata mtungi, lakini kibanja kilikuwa hakijawahi kulimwa vizuri namna ile. Nikawaita kando nikawanong'oneza kwamba huenda ameufukia upande wangu. Wakanilimia na mimi.

Baada ya hapo Daktari Ildefons alikubali kuja kutoa ushahidi. Alikuja Jumapili mchana, kwa miguu kutoka njia kuu, akasimama mbele ya kamati, akafafanua habari ya ini na mafuta na pumzi, vizuri kabisa, hata mimi nikaona jambo limekwisha. Wajumbe wakapiga makofi. Kisha wakaazimia kwamba, kwa ajili ya usawa, daktari naye anuswe.

Ole wetu. Njiani mgonjwa wake mmoja wa zamani alikuwa amemsimamisha kumshukuru, akampa kibuyu, na hapa kwetu kibuyu cha shukrani hakikataliwi. Daktari alinuka rubisi ya kweli, tena mpya.

"Ya leo!" alisema Rugaibula, na sauti yake ilikuwa ya heshima.

"Mlevi anamtetea mlevi," alihitimisha Nathanieli. "Na tena ndugu zangu, ni msomi gani huyu anayekwenda Ulaya akarudi kuwakataza Wahaya ndizi? Ndizi ni kujitegemea. Nazi inatoka wapi? Inakuja na meli."

Daktari alirudi zake akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Kamati ikaona isimwadhibu Ndyamukama, bali imrekebishe, kwa kuwa mgeni wa wilaya alikuwa anatarajiwa, na mlevi aliyeongoka ni mapambo ya kijiji. Wakaamua ale chungu cha umma kila siku mbele ya mjumbe, mpaka harufu iishe.

Klaudia alimsihi. Mimi nilimsihi. Nilimwambia waache waseme, maneno makali hayavunji mfupa, kusema hakuui.

"Ma Immakulata," alinijibu, "wewe hujui. Nimepoteza mtumbwi wangu, nimepoteza wateja, siwezi kumbeba mwanangu. Kilichobaki ni jina. Nitakula hizo ndizi, waninuse, jina langu lisafike. Nikimaliza nitarudi kwenye mafuta."

Akala. Nisimsingizie, alikula kwa raha, maskini, mtu aliyekaa muda wote ule bila ebitooke. Haikupita juma harufu ikatoweka kabisa. Rugaibula alimnusa akasema kwa masikitiko kwamba hakuna kitu. Kamati ikajipongeza.

Siku ya mgeni palijengwa jukwaa la miti ya mikaratusi, na meza yenye kitambaa, na sahani ya kuku. Ndyamukama alipandishwa, amevaa kanzu ya kuazima. Nathanieli akamweleza mgeni jinsi ulevi ulivyotokomezwa kijijini kwa nguvu ya chakula cha umma. Mgeni, ambaye nadhani alitaka kula tu, aliombwa anuse. Akanusa. Akatikisa kichwa kwamba hakuna. Tukapiga makofi. Ndyamukama alitutafuta mimi na Klaudia kwa macho, akacheka kama bwana arusi, akafungua mdomo ili aseme kwamba hajawahi kulewa.

Hakusema. Macho yalimgeuka, akaanguka juu ya meza, kitambaa na kuku na mgeni vyote vikaenda chini pamoja. Alijipiga na kutetemeka juu ya ile miti ya jukwaa, povu likimtoka, na hakuna aliyemgusa ila Klaudia aliyepanda kwa magoti na kumgeuza ubavu.

Nathanieli alijifuta mchuzi kwenye koti lake la pekee.

"Ndugu mgeni," alisema, "unajionea mwenyewe. Pombe ni adui mbaya. Hata akishaiacha, bado inamwangusha."

Siku ile nilitamani kumpiga mtu. Nilikuwa na umri wa kujiheshimu, nikajizuia, na mpaka leo najuta kidogo.

Jioni Klaudia aling'oa mgomba. Ulikuwa umefika kiunoni mwake, na aliuchimbua na mizizi yake akilia kwa sauti. Kisha akapanda chipukizi jingine shimo lilelile. Ndyamukama aliyaona yote akiwa amelala kwenye nyasi, ulimi umevimba kwa kujiuma. Benigna, ambaye sasa alijua kutembea, alimwendea akamnyooshea mikono ili abebwe. Alimwambia, "Kaa, mwanangu. Kaa chini hapa na Baba." Mtoto hakutaka kukaa. Akaenda kumnyooshea mikono mtu mwingine, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Alirudi kwenye samli ya kupekecha na sato wa tui, kidogokidogo, mpaka kidonge cha daktari kikakoza tena. Harufu nayo ikarudi. Na kabla Kamugisha hajapata nafasi ya kuja kuazima jiwe, Ndyamukama alikwenda mwenyewe mbele ya kamati. Nilimsindikiza, nikidhani anakwenda kugombana.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "nimekuja kukiri. Mimi ni mlevi."

Nyuso ziling'aa. Rugaibula aliinuka akamnusa, akakaa na kufumba macho.

"Ameirudia ileile," alisema.

"Unakunywa tangu lini?" aliuliza Nathanieli.

"Tangu zamani. Nilikuwa nawadanganya. Yote niliyokuwa nikisema kwenye vilio na ubatizo, kwamba sijawahi kulewa, yalikuwa uongo."

Hapo sauti ilimkatika. Wao walidhani ni toba. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliyaona mabega yake, na nilijua kwamba alikuwa anatoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

"Sheria inasema sitakula chungu cha umma," aliendelea. "Naomba nipewe adhabu yangu."

"Utaipata," alisema Nathanieli. "Ndizi zetu hata ganda hutaliona. Utalima kipande chako peke yako, na wenzako wakikaa kula wewe utakaa mbali."

"Asante, waitu. Mpaka lini?"

"Mpaka utakapoacha."

"Sitaacha," alisema Ndyamukama.

Ndivyo alivyokuwa mlevi. Na watu, unajua walivyo, walimkamilishia kazi. Wakaanza kukumbuka walivyomwona akiyumba siku fulani, amelala mtaroni siku fulani. Wakaacha kumwomba asimamie ubatizo. Kwaya ikamwondoa kwenye besi. Wanawake walipomwona anakuja waliwavuta watoto wao upande wa pili wa njia. Mlevi wa kweli hapa kwetu hupewa nafasi ya kukaa na kibuyu cha kujifariji. Yeye hakuwa na kibuyu wala nafasi. Mara moja nilimkuta nyuma ya mibuni analia, nikageuka nikaondoka bila kumwita.

Lakini hakuanguka. Masika yakapita, senene wakaja wakaenda, masika yakarudi, na hakuanguka. Mgomba mbele ya mlango ukapita dirisha, ukapita paa la nyasi, ukatoa ua lake zito, ua likafunguka, ukazaa. Klaudia aliuacha mkungu ukomae. Tulikuwa tukiutazama kila siku sote watatu, na hakuna aliyeutaja.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi Klaudia alipoukata. Aliubeba mwenyewe, akaulaza barazani, akaingia ndani. Alitoka na Benigna, akamwinua, akamweka mabegani mwa mumewe. Ndyamukama alisimama pale, mikono imeshika miguu ya mtoto. Nilitaka kusogea nimkinge. Klaudia akanishika mkono.

"Niende wapi?" aliuliza.

"Popote," alisema Klaudia. "Mpeleke mtoni akaoshe miguu."

Njia ya mtoni inapita katikati ya shamba la ujamaa, na kijiji kizima kilikuwa humo. Walipomwona wakaacha majembe. Wanawake walishika vichwa. "Mawe! Mlevi amebeba mtoto! Atamwangusha!" Rugaibula alinusa hewa alipopita, akatikisa kichwa. Benigna huko juu alikuwa ameinama, pua yake kwenye mdomo wa baba yake, akisema Baba ananukia ndizi, Baba ananukia ndizi, na kuchekacheka.

Nathanieli alitoka mbio kutoka kivulini, koti likipepea, akasimama katikati ya njia.

"Ndyamukama! Nakuamuru kwa niaba ya kijiji, mteremshe huyo mtoto sasa hivi! Husikii?"

Ndyamukama alimzunguka kwa uangalifu, akitazama anapokanyaga.

"Nisamehe, Ndugu Mwenyekiti," alisema. "Mlevi hasikii."

Akaendelea kuteremka kuelekea mtoni, na mwanawe mabegani.